Nani Anayeifunga Jeni ya Tumboni?

Mdogo wangu alizaliwa mzima. Mamangu alilirudia jambo hilo maisha yake yote, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: mtoto alizaliwa na uzito mzuri, akanyonya vizuri, akacheka mapema, na kwa miezi sita ya kwanza hakuna aliyemsikia akilia pasipo sababu. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa kaskazi, ndipo mikono na miguu yake ilipovimba usiku mmoja, vidole vikawa vinene na ngozi ikang'aa kama iliyopakwa mafuta. Mimi nilikuwa na umri wa miaka sita. Namkumbuka bibi ameketi barazani nyumbani kwetu Mji wa Kale, amempakata mtoto, anampepea kwa pepeo la ukili, na kila anayepita anaambiwa kwamba mtoto ametupiwa jicho.

Katika zahanati moja, ambayo sitaitaja, mama aliambiwa kwamba kosa ni lake. Aliyempokea alimwuliza kama ameanza kumlisha mtoto uji, na mama alipojibu kwamba ameanza juzi tu, akaambiwa kuwa maziwa yake yameharibika na ndiyo yaliyomletea mtoto uvimbe. Miezi mingi ilipita kabla ya damu ya mtoto kutiwa chini ya hadubini na neno selimundu, yaani ugonjwa wa damu ambao chembe nyekundu hupindika, kutajwa mbele yetu, lakini neno hilo la pili halikulifuta lile la kwanza. Mama alibaki na swali ambalo hakuna aliyemjibu: ikiwa ugonjwa huu ni wa kuzaliwa nao, kama walivyomwambia baadaye, mbona mtoto alikuwa mzima kwa miezi sita?

Nimefanya kazi ya bayolojia ya molekuli kwa zaidi ya miaka 20. Nimehudhuria mihadhara mingi, nimekaa katika kamati za kutahini tasnifu, nimesikia maswali ya watu wenye vyeo vikubwa, na sijapata kusikia swali lililolenga kiini cha fani yangu kama lile la mama, ambaye hakuvuka darasa la nne.

Mdogo wangu alifariki akiwa na umri wa miaka 14, mimi nikiwa mwaka wa pili chuoni Nairobi, nikisomea biokemia. Niliporudi kutoka matangani sikuweza kusoma kilichoandikwa katika ratiba. Nilikwenda maktaba nikatafuta kila kilichohusu selimundu. Jibu la mama nililipata katika kitabu cha kiada cha kawaida kabisa, katika aya isiyofika nusu ukurasa. Mwaka 1948, Janet Watson na wenzake mjini New York walikuwa wameeleza kwamba watoto wachanga wenye selimundu wana chembe chache sana zilizopindika, na kwamba sababu yake huenda ni ile himoglobini wanayozaliwa nayo, ambayo si ya kiutu uzima. Jibu hilo, basi, lilikuwapo miaka mingi kabla mdogo wangu hajazaliwa. Lilikuwa limeandikwa na kuchapishwa, nalo halikumfikia mwanamke aliyelihitaji, aliyekuwa amekaa kwenye benchi ya zahanati Mombasa huku akiambiwa maziwa yake yameoza. Hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza mpaka leo, na sidhani kwamba ni wajibu wangu kuimaliza.

Himoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, nayo huundwa kwa minyororo minne: miwili ya aina ya alfa na miwili ya aina nyingine. Mtoto akiwa tumboni, ile miwili mingine huwa ya gama, na himoglobini hiyo ya kijusi huishika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ya mtu mzima, ndiyo maana huweza kuivuta kutoka katika damu ya mama kupitia kondo. Baada ya kuzaliwa, jeni za gama hufungwa kidogo kidogo na jeni ya beta hushika nafasi yake, hata ukifika mwezi wa sita hivi sehemu kubwa ya himoglobini ya mtoto huwa ni ya kiutu uzima. Kosa la selimundu limo katika jeni ya beta, nalo ni la herufi moja tu ya DNA, yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli: palipostahili kuwa na A pana T, na kwa ajili hiyo asidi amino moja iitwayo glutamati inabadilishwa na nyingine iitwayo valini. Oksijeni inapopungua, minyororo yenye valini hunatana ikajipanga nyuzi nyuzi, chembe ya damu ikapindika kama mundu, ikakwama katika mishipa midogo, na badala ya kuishi siku 120 ikavunjika ndani ya wiki mbili au tatu. Maadamu jeni ya beta haijaamka, kosa lake halina pa kujionyesha. Mdogo wangu alikuwa mzima kwa sababu alikuwa bado akiishi kwa damu ya tumboni.

Nilimweleza mama hayo likizo iliyofuata, jikoni, akiwa anasukuma mahamri. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, kisha akauliza: "Na hiyo damu ya tumboni, jeni yake huenda wapi?"

"Haiendi popote, mama. Imo ndani ya kila seli, kwako na kwangu. Imefungwa tu."

Alinyamaza, akageuza donge la unga, akalikanda upya ingawa lilikuwa tayari. "Nani anayeifunga?"

Sikujua, na wakati ule hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyejua.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushughulika na mambo haya, huenda neno "kufunga" likaonekana la mafumbo, na kwa kweli ni la moja kwa moja. Kila seli ya mwili wangu yenye kiini ina DNA ya urefu wa karibu mita mbili, na ndani yake mna jeni kama 20,000 za kutengenezea protini. Seli ya ini na seli ya jicho zina jeni zile zile; kinachozitenganisha ni zipi zinazosomwa na zipi zilizonyamazishwa, kwa kiasi gani na wakati gani. Jeni ikisomwa hunakiliwa kuwa RNA, na RNA hiyo ikiwa mjumbe hupeleka maagizo mahali protini zinapoundwa. Asiyeelewa udhibiti huu anaweza kukariri herufi zote bilioni tatu za DNA ya binadamu na asijue kwa nini moyo ni moyo.

Waliotufundisha kulifikiria jambo hili walikuwa François Jacob na Jacques Monod, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Monod alikuwa ameanza na bakteria wa matumboni waliopewa sukari za aina mbili. Aliona kwamba hula glukosi kwanza hadi ikaisha, wakatulia kwa muda pasipo kuongezeka, kisha wakaanza kula laktosi, yaani sukari ya maziwa. Katika kile kipindi cha kutulia, jeni za kula laktosi zilikuwa zinafunguliwa. Mwaka 1961 wawili hao waliandika kwamba kuna jeni ambayo kazi yake ni kutengeneza kizuizi, na kizuizi hicho hukaa juu ya DNA na kuzuia usomaji mpaka laktosi ije ikiondoe. Mwaka 1965 walipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na André Lwoff. Mhadhara nilioyasikia haya ulikuwa wa saa mbili mchana, katika ukumbi wenye joto, na wenzangu wengi walikuwa wanasinzia. Kilichonikaza mimi ni kwamba ukimya wa jeni una mtu anayeulinda: jeni haikunyamaza kwa kuwa haina la kusema, kuna kitu kimekaa mlangoni. Na kilichokaa mlangoni kinaweza kutajwa jina, kupimwa, na pengine kuondolewa. Nilitoka ukumbini nikijua nitakachokifanya.

Shahada ya uzamivu niliifanyia Uingereza, kwa ufadhili, katika maabara iliyoshughulikia jeni za gama. Sitasema mengi juu ya baridi wala juu ya upweke, kwa sababu kila aliyewahi kutoka pwani akaenda huko ameyasema. Nitasema juu ya seli. Tulizifuga seli ziitwazo K562, zilizotokana na mama mmoja wa miaka 53 aliyekuwa na saratani ya damu, ambazo tangu miaka ya 1970 zimeendelea kugawanyika katika maabara za dunia nzima. Hukaa katika chupa bapa, ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37, zikielea katika maji ya lishe ya rangi nyekundu iliyoiva. Zikila na kuchafua maji yale, rangi hugeuka ya chungwa, halafu manjano, nawe huna haja ya kipimo chochote kujua kwamba zina njaa. Nilizilisha kila siku ya pili kwa miaka minne, Krismasi na Idi.

Kazi yangu ilikuwa kukata vipande vya DNA kutoka mbele ya jeni ya gama, kuviunganisha na jeni inayompa kimulimuli mwanga wake, kuviingiza katika seli, kisha kupima mwanga. Mwanga ukizidi baada ya kukata kipande fulani, maana yake kipande hicho ndicho alichokalia mlinzi. Tulikuwa na sababu nzuri ya kumtafuta hapo, kwani wako watu wachache, wazima kabisa, ambao himoglobini yao ya kijusi haikufungwa hata ukubwani, na baadhi yao wana badiliko la herufi moja mbele ya jeni ya gama, karibu herufi 115 kabla ya mahali usomaji unapoanzia. Nilikata, nikaunganisha, nikapima, mamia ya mara, na mwanga wa kimulimuli haukupanda kwa kiasi cha kunishawishi. Mwaka wa tatu ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikiniangalia usoni. Seli za K562 hutengeneza himoglobini ya kijusi zenyewe. Jeni ya gama ndani yake iko wazi. Nilikuwa nikimtafuta mlinzi katika nyumba ambayo mlinzi hakuwahi kuajiriwa. Tasnifu yangu ilieleza jambo hilo kwa uwazi, ikaeleza ni seli za namna gani zingefaa, na wataalamu wawili walioitahini wakaipitisha. Sijaona haya kwa tasnifu hiyo. Kuonyesha kwa uhakika kwamba mlango fulani hauna mlinzi ni kazi, hata kama hakuna anayekushangilia.

Nilirudi Mombasa kwa hiari yangu. Wapo walionishauri nibaki, na hoja zao zilikuwa za kweli, lakini ugonjwa nilioufanyia kazi uko kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka Afrika Mashariki akipima damu, akaona kwamba wabebaji wa selimundu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria na ni wachache nyanda za juu, na mwaka 1954 akaonyesha kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo ana kinga dhidi ya malaria. Baba na mama yangu walikuwa wabebaji wote wawili, na kila mimba yao ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mwenye ugonjwa. Sikuona ni kwa nini nijifunze juu ya damu yetu nikiwa maili elfu nne kutoka mahali inapomwagika.

Chuoni nilipewa vipindi vingi vya kufundisha na maabara ndogo. Kupandishwa vyeo kulikuja kwa mwendo wake. Kufundisha nilikupenda kuliko nilivyotarajia, na mfano wangu bora niliuokota nje ya mlango wetu. Wanafunzi wangu wote wamewaona paka wa Mji wa Kale wanaosubiri vichwa vya samaki, na huwauliza kama wamewahi kumwona dume mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa kwa pamoja. Huenda kutazama, wakarudi wakisema kila waliyemwona ni jike. Jeni ya rangi ya chungwa imo katika kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi ndefu za DNA zilizomo ndani ya seli. Jike ana X mbili, na mapema tumboni kila seli hufunga moja kati ya hizo kwa bahati nasibu, na uzao wote wa seli hiyo huendelea kuifunga ile ile. Kila baka la manyoya ni kizazi cha seli moja iliyofanya uamuzi kabla paka hajazaliwa. Mary Lyon wa Uingereza alilieleza jambo hilo mwaka 1961, mwaka ule ule wa Jacob na Monod, kwa kuchunguza manyoya ya panya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mwanafunzi aliyemwona paka yule haisahau maana yake.

Utafiti ulikuwa mgumu zaidi. Kwa miaka miwili tulikusanya damu ya vitovu kutoka kwa kina mama waliojifungua na kukubali kwa maandishi, ili tulinganishe RNA ya gama na ya beta. RNA ni kitu kinachoharibika upesi mno. Vidole vyetu vyenyewe vina vimeng'enya vya kuila, kwa hiyo hushikwa kwa glavu, juu ya barafu, na kuhifadhiwa katika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Mkesha wa Idi moja stima zilipotea kwa saa nyingi, na jenereta haikuwaka kwa sababu aliyepewa jukumu la kuitia mafuta hakuitia. Nilipofika asubuhi, maji yalikuwa yametiririka sakafuni mpaka mlangoni. Nilizipima sampuli zile kwa kuwa sikuweza kuamini macho peke yake. RNA nzima, ukiipitisha katika jeli, huonyesha mistari miwili iliyo wazi, mmoja juu ya mwingine. Yangu ilionyesha ukungu uliotanda kutoka juu hadi chini, kijia baada ya kijia, na kila kijia kilikuwa mama mmoja aliyetuamini siku ya uchungu wake. Niliwaandikia wote waliokuwa na anwani, nikawaeleza. Tulianza upya, na mara hii nililala na ufunguo wa jenereta nyumbani kwangu.

Jina la mlinzi lilitangazwa mwaka 2008, na hakulipata mtu aliyekata vipande vya DNA kama mimi. Watafiti walilinganisha vinasaba vya watu wengi wenye viwango tofauti vya himoglobini ya kijusi, wakiwemo watu wa kisiwa cha Sardinia, na tofauti zikaelekeza kwenye jeni iitwayo BCL11A, ambayo imo katika kromosomu ya pili, wakati jeni za gama na beta zimo katika ya kumi na moja. Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao mjini Boston walipoipunguza katika seli za damu za watu wazima, gama ilifunguka. Miaka kumi baadaye ilithibitishwa kwamba protini hiyo hukaa palepale, karibu herufi 115 mbele ya jeni ya gama. Nilikuwa nimechimba mahali penyewe, kwa seli zisizofaa.

Makala ile ya mwaka 2008 niliisoma usiku, na asubuhi nikavuka kwenda kwa mama kabla ya kwenda kazini. Alikuwa mzee tayari. Nilimwambia kwamba anayeifunga amepatikana. Aliniuliza jina lake nikamtajia, akalijaribu ulimini mara mbili, akaliacha. Kisha akasema kwa utulivu, kama anayetoa maagizo ya nyumba: "Basi sasa aambiwe aache."

Ndivyo ilivyofanyika. BCL11A haiwezi kuondolewa mwilini kiholela, kwa kuwa ubongo na seli za kinga huihitaji, lakini mwaka 2013 kiligunduliwa kipande cha DNA kinachoipandisha katika seli zinazozaa chembe nyekundu tu. Tiba iitwayo Casgevy hukikata kipande hicho katika seli za uboho zilizotolewa kwa mgonjwa na kurudishwa kwake, na mlinzi huondoka mlango mmoja tu, ule wa damu. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo. Mama hakuwahi kuiona siku hiyo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla ya kuipokea mgonjwa hupewa dawa kali za kuusafisha uboho wake, zinazohitaji hospitali yenye uwezo mkubwa. Naipenda sayansi ile kwa moyo wangu wote, na sijui namna ya kuitaja bei ile mbele ya wazazi ninaokutana nao.

Ninachoweza kuwatajia ni hidroksiyurea, dawa ya kumeza kila siku, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuongeza himoglobini ya kijusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto zaidi ya 600, ulionyesha kwamba watoto waliopewa dawa hiyo walipata maumivu machache, wakahitaji kuongezewa damu mara chache, na malaria na vifo vikapungua. Kilifi ni mwendo wa saa moja na kitu kwa matatu kutoka kwetu. Kwa maoni yangu, mtoto wa pwani anayezaliwa leo anastahili mambo mawili kabla ya mengine yote: tone la damu ya kisigino lipimwe kabla hajafika miezi mitatu, na dawa hii ipatikane karibu na nyumbani kwao bila kukatika. Hapa ndipo ninapoelekeza nguvu zangu zilizobaki, pamoja na wanafunzi wawili wa uzamili ambao sasa wanapima viwango vya gama kwa watoto wanaoitumia, ili tujue kwa nini wengine huitikia zaidi ya wenzao.

Siku ya kliniki mimi hukaa na kina mama waliopata majibu. Wiki iliyopita alikuja mmoja kutoka Likoni, na mtoto wa kiume wa miezi minane, mikono imevimba, amefungwa leso begani. Alikuwa kijana, rika la mwanangu wa mwisho. Kabla sijafungua faili alianza kujieleza, kwamba alikuwa amemwanzishia uji, kwamba mama mkwe alimkataza, kwamba huenda ameharakisha. Nilichukua kadi ya kliniki nikaigeuza, nikamchorea milango miwili, mmoja wa tumboni na mmoja wa duniani, nikamwonyesha ni mwezi gani mmoja hufungwa na mwingine hufunguliwa. Lakini kabla ya kuchora nilimshika mkono, nikamwambia, "Si maziwa yako, mwanangu."

Alilia sana. Nilingoja, kisha nikachora.